Nyoka wa 1974 na ung'ongo tulioukimbia

Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Hapa kwetu Tanzania, serikali ilitoa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na televisheni pamoja nazo. Mwaka huohuo huko Albuquerque, mji wa nyanda kavu za New Mexico, Marekani, kampuni ndogo iliyoelemewa na madeni ilikuwa inamalizia sanduku la bati lenye swichi na taa nyekundu. Kampuni iliitwa MITS, sanduku liliitwa Altair 8800. Picha yake ilitoka kwenye jalada la jarida la Popular Electronics, toleo la Januari 1975, ambalo wasomaji walilikuta kwa wauza magazeti tangu Desemba 1974.

Ndiyo kusema tulifunga mlango mwaka uleule ambao kompyuta ya mtu binafsi ilikuwa inazaliwa.

Watu wa pwani husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimeutafakari msemo huu miaka mingi nikifundisha kompyuta hapa Tanga, na kila nikiutafakari naona unatutetea na kutuhukumu kwa pamoja. Unatutetea kwa sababu nyoka alikuwepo kweli, na aliuma. Unatuhukumu kwa sababu ung'ongo si nyoka. Ung'ongo ndio uzi wa kushonea mkeka.

Tuanze na nyoka.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mali ya kampuni ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1959 kwa kuunganisha kampuni mbili za mashine za kadi za matundu. Na hata hiyo 1500 haikuwa kazi ya mikono yao: ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa chapa ya Uingereza. Mwaka 1968 ICT ikaungana na English Electric Computers, jina likawa ICL, na mashine za mfululizo wake wa 1900 nazo zikafika kwetu.

Kijana wa leo akisikia neno kompyuta huona kitu cha kubeba begani. Mashine za wakati ule zilikuwa chumba kizima, na chumba hicho kilipozwa usiku na mchana. Kazi yenyewe ilianzia mbali na mashine. Karani aliketi mbele ya mtambo wa kutobolea kadi, vocha ubavuni, akagonga tarakimu moja baada ya nyingine. Kadi moja ilikuwa na safu 80, na kila safu ilibeba herufi au tarakimu moja tu. Akikosea tundu moja, kadi nzima imeharibika, aanze nyingine. Kadi zilipokamilika zilifungwa mabunda, zikapelekwa chumba cha baridi, zikalishwa mashine na opereta. Majibu yalirudi baadaye yakiwa mrundo wa karatasi. Mhasibu aliyeandika vocha hakuigusa mashine, na aliyeigusa mashine hakuijua vocha ile ilihusu nini. Kosa likitokea, kila mmoja angeweza kuapa kwamba halikutokea kwake, na wote wangekuwa wanasema kweli.

Serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mtambo wa ICL. Jaribio halikufaulu. Hesabu zilivurugika, fedha nyingi zikapotelea humo, na wizara ikalazimika kurudi kwenye njia za zamani ilizozijua. Mashine yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa kwa zama zake, na wenzetu kwingineko duniani walikuwa wanaitumia. Kilichopungua kilikuwa watu. Waliosomea kupanga mifumo, kuandika programu na kukagua matokeo walikuwa wachache mno nchini, na sehemu kubwa ya ujuzi ilikuwa vichwani mwa wageni waliokuja kwa mikataba. Sisi Watanga tuna usemi wetu: waja leo, waondoka leo. Mtaalamu wa mkataba ndivyo alivyo. Anapopanda ndege, nusu ya mashine inaondoka naye.

Jambo hilo liliangukia wakati mbaya. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipaa. Mwaka 1973 na 1974 ukame ulitubana, tukaagiza chakula nje. Fedha za kigeni zilitokana na mazao, na mkonge, uliokuwa fahari ya mkoa wetu, ulikuwa umeanza kuteremka tangu nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni. Kila dola ilikuwa na watu kumi wanaoingoja: hospitali, kiwanda, reli, ghala la mahindi. Mtu anayekuja mbele ya meza hiyo kuomba dola za kununua mashine ambayo juzi tu imevuruga hesabu za taifa, angejibiwa nini?

Ndiyo maana sitaki kuwacheka waliotoa amri ya 1974. Wengi huitaja leo kama kichekesho, kwamba kulikuwa na nchi iliyoogopa kompyuta. Waliotoa amri walikuwa wanalinda mfuko wa watu maskini, na ushahidi walikuwa nao mkononi. Tena amri haikuwa ukuta usio na tundu: taasisi iliyokuwa na hoja nzito iliweza kuomba kibali. Nawalaumu kwa jambo moja tu, na jambo hilo ndilo linalonifanya niandike safu hii. Walitambua kwamba tumeumwa, lakini hawakuuliza ni meno yapi yaliyouma. Kilichotuuma kilikuwa namna ya kuimiliki mashine: imefungwa chumbani, inaendeshwa na mgeni, hakuna mwenyeji anayeruhusiwa kuifungua. Amri ikaiacha namna hiyo bila kuitaja, ikaikamata mashine.

Sasa tuuangalie ung'ongo.

MITS haikuanza na kompyuta. Ed Roberts, aliyekuwa mhandisi katika Jeshi la Anga la Marekani, aliianzisha na wenzake mwishoni mwa 1969, wakiuza vifaa vya elektroniki kwa wapenzi wa roketi za kuchezea. Biashara haikuwa kubwa. Wakahamia kwenye vikokotoo, na kwa kitambo mambo yakanyooka: mtu alinunua boksi la vipande pamoja na mchoro, akalehemu mwenyewe nyumbani, akapata kikokotoo kwa bei nafuu. Kisha kampuni kubwa zilizokuwa zinatengeneza vipande vyenyewe, Texas Instruments ikiwa mbele, zikaamua kuuza vikokotoo vilivyokamilika. Bei ikaporomoka hadi kikokotoo kizima dukani kikawa rahisi kuliko vipande vya MITS. Kufikia 1974 kampuni ilikuwa na deni la karibu dola 300,000.

Roberts akaenda benki kuomba dola 65,000 zaidi, akiwa na wazo ambalo wengi wangeliita la mtu aliyekata tamaa: kuuza kompyuta kwa mtu mmoja mmoja. Mwezi Aprili mwaka huo Intel ilikuwa imetoa prosesa yake ya 8080. Bei yake ya rejareja ilikuwa dola 360. Roberts alizungumza nao akazipata kwa dola 75 kila moja kwa kununua nyingi. Hesabu hiyo moja ndiyo iliyoiwezesha kompyuta nzima, katika vipande vya kuunganisha mwenyewe, kutangazwa kwa dola 397.

Hata safari ya kwenda kwenye jalada ilikuwa na mikosi yake. Altair ya kwanza ilitumwa kwa reli kwenda New York kwa wahariri wa jarida, ikapotelea njiani. Muda ulikuwa umekwisha. Kilichopigwa picha kikatokea kwenye jalada kilikuwa kasha tupu lenye uso mzuri wa swichi na taa. Maelfu ya watu walituma fedha zao kwa kuvutiwa na picha ya sanduku lisilo na kitu ndani.

Na lilipokuja na kitu ndani, kilikuwa kidogo mno. Altair ya msingi ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 256. Ujumbe mmoja wa simu, ule wa kawaida wa SMS, una herufi 160. Kwa hiyo kumbukumbu yote ya kompyuta ile isingetosha kubeba SMS mbili. Haikuwa na kibodi wala kioo. Ukitaka kuiambia kitu, unapanga swichi nane, hii juu, hii chini, kulingana na namba unayotaka, kisha unainua swichi nyingine ya kuihifadhi. Umehifadhi baiti moja. Unapanga tena swichi nane kwa ajili ya baiti inayofuata. Kujumlisha namba mbili tu ni kazi ya dakika kadhaa za kuinua na kushusha swichi, na jibu linarudi kama taa nyekundu, hizi zimewaka, hizi zimezimika, ulisome mwenyewe. Umeme ukikatika, yote uliyoyapanga yamefutika.

Msomaji ana haki ya kuuliza: chombo hicho kilikuwa na faida gani? Kwa hesabu za Wizara ya Fedha, hakikuwa na faida yoyote. ICT 1500 ya 1965 ingekipita mbali sana kwa kazi za ofisi. Lakini kilikuwa na sifa moja ambayo mashine ya wizara haikuwa nayo. Mwenye nacho alikijua tumbo lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekilehemu. Mchoro alikuwa nao. Ndani kulikuwa na nafasi za kuchomeka kadi nyingine, na mpangilio wa nyaya za nafasi hizo haukuwa siri, hivyo mtu yeyote mwenye akili na pasi ya kulehemu angeweza kutengeneza kadi yake.

Watu wakakutana. Tarehe 5 Machi 1975, kikundi cha wapenda elektroniki kilikusanyika katika gereji ya nyumba moja huko Menlo Park, California, kuitazama Altair. Kikundi hicho kikajiita Homebrew Computer Club. Mmoja wa waliofika siku ile ya kwanza alikuwa Steve Wozniak, ambaye baadaye alitengeneza kompyuta za kwanza za Apple. Mkutano mmoja wa mwezi uliofuata ndio ninaopenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Mwanachama aitwaye Steve Dompier aliingia na Altair yake na redio ndogo, akaiweka redio juu ya sanduku. Akainama, akaanza kupanga swichi. Mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme, kazi yote ikafutika, akaanza upya. Alipomaliza, redio ikatoa wimbo wa Beatles. Altair haikuwa na spika. Dompier alikuwa amegundua kwamba mashine ikifanya kazi hupenyeza mvumo kwenye redio iliyo karibu, akaandika programu ambayo mvumo wake ulifuata sauti za wimbo. Chumba kizima kilisimama kumpigia makofi.

Hakuna mtu wa MITS aliyekuwa ameipangia Altair kupiga muziki. Aliyeipigisha ni mtu aliyekaa nayo usiku kucha, akaiharibu, akairekebisha, akaizoea hata akaujua mvumo wake.

Programu nayo ilikuja kwa njia hiyohiyo ya watu walioona picha wakashindwa kulala. Paul Allen aliliona jarida kwenye meza ya muuza magazeti karibu na Chuo Kikuu cha Harvard, akaenda nalo kwa rafiki yake Bill Gates aliyekuwa mwanafunzi hapo. Waliiambia MITS kwamba wanayo lugha ya BASIC ya kuendesha kwenye Altair, na wakati wanasema hivyo walikuwa hawajaandika hata mstari. Altair yenyewe hawakuwa nayo. Waliiandika kwenye kompyuta kubwa ya chuo, wakiwa wameipa programu ya kuigiza tabia za prosesa ya 8080, na mwanafunzi mwenzao Monte Davidoff akaandika sehemu ya hesabu. Machi 1975 Allen alipanda ndege kwenda Albuquerque na kanda ya karatasi yenye matundu. Akiwa angani akakumbuka kwamba hawajaandika kipande cha kuiamsha programu kutoka kwenye kanda, akakiandika palepale kitini. Kilipoingizwa, mashine iliulizwa mbili jumlisha mbili, ikajibu nne. Kampuni waliyoiunda wawili hao kwa ajili ya kazi hiyo ni Microsoft.

Kufikia Agosti 1975 MITS ilikuwa imeshapeleka Altair zaidi ya 5,000 kwa wateja. Roberts alikuwa ametarajia mia chache tu.

Ingekuwa hadithi ya ushindi ingeishia hapo, lakini kuanguka kwa MITS kuna somo linalotuhusu zaidi sisi. Kadi zake za kumbukumbu zilikuwa mbovu, na kadi mbovu ilimaanisha kwamba BASIC haiendi. Wengine wakatengeneza kadi zinazofanya kazi. Badala ya kuziboresha zake, MITS ikatumia bei kuwabana wateja: anayenunua kadi zake anauziwa BASIC kwa bei ya chini, asiyenunua anaipata kwa bei kubwa mara kadhaa. Wateja wakanunua kadi nzuri kwa wengine, na BASIC wakanakiliana wenyewe. Februari 1976 Gates aliandika barua ya wazi kuwalalamikia wanaonakili. Roberts naye aliwashambulia watengenezaji wa kadi za pembeni, akiwaona kama kupe wanaonyonya jasho lake. Maduka yaliyouza Altair alitaka yasiuze za wengine. Mwaka 1977 zikaingia sokoni Apple II, Commodore PET na TRS-80, mashine zenye kibodi, zilizo tayari kwa kazi tangu zinatoka kwenye boksi. Mwaka huo MITS iliuzwa kwa kampuni ya Pertec kwa dola takriban milioni 6.5, na miaka michache baadaye jina lake likawa historia. Roberts alihamia Georgia, akalima, kisha akasomea udaktari na kutibu watu katika mji mdogo wa Cochran hadi alipofariki mwaka 2010.

Nguvu yote ya MITS ilitokana na kuuacha mlango wazi. Ilipoanza kuufunga, waliokuwa ndani walitokea dirishani na kwenda kujenga nyumba zao.

Sasa turudi nyumbani na kuuliza swali gumu: kama marufuku isingekuwepo, na Altair moja ikaletwa Tanga mwaka 1976, je, tungekuwa na Homebrew yetu? Sidai hivyo. Dola 397 zilikuwa mali nyingi, na vipande vya elektroniki havikuwa vinauzwa Ngamiani, mtaa wa hapa mjini. Lakini nakataa katakata hoja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba mashine ngumu si za watu wetu. Mkoa huu una ushahidi wa kuipinga, na unanuka hadi barabarani.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalimika ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62, kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa takriban tani 230,000 za katani kwa mwaka. Katani haichambuliwi kwa mkono kwa kiwango hicho. Inachambuliwa kwa korona. Ukisimama karibu nalo utaona majani yakipangwa kwenye mkanda, yanabanwa, yanapelekwa kwenye ngoma yenye visu butu inayozunguka kwa kasi, maji yanamwagwa, nyama ya jani inapigwa ikaondoka kama ugoro wa kijani, na upande wa pili nyuzi zinatoka zikiwa ndefu na mbichi, tayari kuanikwa kwenye waya. Ni mtambo mkubwa, mkali na wa kigeni. Nimewaona mafundi wa mashamba ya Muheza na Korogwe wakiliinamia korona kongwe, wanachomoa kisu kilicholika, wanakereza kingine karakanani, wanafunga, ngoma inazunguka. Hawakuingojea ndege ya mtaalamu. Korona liliota mizizi Tanga kwa sababu linafunguka, na kwa sababu lilikuwa na karakana ambamo mzee alimruhusu kijana kushika spana.

Kompyuta ya wizara haikupata karakana ya namna hiyo. Na baada ya 1974, hata nafasi ya kuipata ikasogea mbele. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mlango ulianza kulegea, na mashine ndogo zikaingia pole pole, nyingi zikiwa ndani ya miradi ya wafadhili. Televisheni nayo: Zanzibar, ng'ambo tu ya mkondo wetu, walikuwa na kituo chao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara tulisubiri hadi 1994. Sera ya Taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilitoka mwaka 2003. Karibu miaka thelathini ilipita kati ya marufuku na sera, na kizazi kizima cha mafundi ambao wangeanza kwa kuharibu redio na kuishia kwa kuunda kompyuta kilipita humo.

Marufuku imekwisha. Ninachokiona kinaniambia kwamba mshtuko bado upo, umebadili nguo tu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye shule moja ya sekondari, si mbali na hapa, kuangalia kompyuta walizopewa na wafadhili. Nilipofika ilibidi tumsubiri mwenye funguo. Mlango ulikuwa na kufuli mbili na nondo. Ndani zilipangwa mashine ishirini, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi kama kochi la sebuleni. Vumbi la dirishani liliniambia ni lini mara ya mwisho mtu alikaa pale. Nikamuuliza mwalimu kwa nini wanafunzi hawaingii. "Wataziharibu," alinijibu, na alisema kwa uchungu wa mtu anayejua kwamba hatapewa nyingine. Darasani, watoto walikuwa wananakili ubaoni aina tano za kompyuta na faida zake saba.

Simcheki mwalimu yule, kama nisivyowacheka watu wa 1974. Lakini chumba kile chenye kufuli mbili ni Wizara ya Fedha ya 1965 iliyorudi: mashine imetoka nje, ufunguo uko kwa mtu mmoja, na mwenyeji haruhusiwi kuigusa. Tofauti ni kwamba safari hii amri ya marufuku hakuna aliyeiandika. Tumejitungia wenyewe.

Nilipotoka hapo nilipitia Ngamiani, Barabara ya 12, kwa kijana mmoja anayetengeneza simu kwenye meza isiyozidi upana wa mkeka wa kuswalia. Alikuwa ameiinamia simu iliyofunguliwa, pasi ya kulehemu mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hiyo imekufa?"

"Haijafa, imelala. Chumvi ya baharini imekula njia ya chaji. Naipitishia waya hapa, unaona?"

Nikamuuliza kazi ile alijifunzia wapi.

"Kwa kuharibu, mwalimu. Nimeua nyingi kabla sijafufua moja."

Simu aliyoishika ilikuwa na kumbukumbu inayoizidi Altair mara mamilioni. Kijana yule ndiye aliyefanana zaidi na wale watu wa gereji ya Menlo Park kuliko mtu yeyote niliyekutana naye siku ile. Lakini anaishia kwenye lehemu. Programu iliyomo ndani ya simu imefungwa kwa kufuli asiloliona, na hakuna aliyewahi kumkalisha akamwonyesha kwamba programu nazo huandikwa na watu. Na mita mia chache kutoka mezani kwake kuna watoto wanaozijua faida saba za kompyuta na hawajawahi kushika bisibisi. Upande mmoja una mikono, upande mwingine una daftari, na kati yao kuna mlango wenye nondo.

Tunaweza kuuvunja, na tumewahi kuthubutu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu za ofisi, za kuandikia na kupigia hesabu, zenye menyu za Kiswahili. Kilichowawezesha kilikuwa kilekile kilichowawezesha wenye Altair. Programu ile ilikuwa wazi. Chanzo chake kilisomeka, kilibadilishika, na hakikuhitaji ruhusa ya mtu. Walikaa kutafuta maneno, wakabishana juu ya istilahi, wakaitoa bure.

Ninachoomba kwa hiyo ni kidogo, na hakihitaji mfadhili. Chumba cha kompyuta cha kila shule kifunguliwe jioni tatu kwa juma. Mashine mbili zilizokufa ziwekwe mezani kwa ajili ya kufunguliwa tu, zifunguliwe hadi skrubu ya mwisho. Fundi wa mtaani aalikwe, aheshimiwe kama mwalimu, alipwe nauli na chai. Na watoto wapewe kazi ya kweli ya kuandikia programu: hesabu za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa vya mama zao, bei za samaki pale sokoni Deep Sea asubuhi hadi jioni, siku za bamvua na saa za kupwa kwa ajili ya mvuvi wa Mwambani. Zitaharibika mashine kadhaa. Iandikwe hivyo kwenye bajeti tangu mwanzo, kama shamba linavyoandika gharama za visu vya korona.

Bibi aliyenilea alikuwa msusi wa mikeka. Akishamaliza kusuka kili zake alitushikisha sisi wajukuu ung'ongo na sindano, tushone kili kwa kili. Tulishona vibaya. Mishono ilikwenda upande, na mara nyingi alifumua yote jioni tukaanza upya kesho. Hakuna siku aliyouficha ung'ongo kabatini kwa kuhofia tutauharibu. Na mikeka ile tuliilalia.